Uliza Fundi: Kompyuta kuukuu imegoma kuingiwa kwa mbali

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya kulogini kwenye kompyuta moja ukiwa umekaa mbele ya nyingine, na tangu hapo barua zimemiminika, karibu zote za mashine za zamani. Windows XP ambayo bado iko hai kwa sababu ndo inaendesha kifaa fulani, Unix kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, swichi za enzi hizo na vitu kama hivo. Nimechagua chache. Ombi langu kwa mnaoandika ni moja, nakilini ujumbe unaotokea kwenye skrini neno kwa neno, maana "imegoma" inaweza kuwa mambo kumi tofauti na mi nabaki kubahatisha tu huku.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina mashine mbili za Linux kwenye netiweki moja, moja ni ya zamani sana. Jana nikijaribu Telnet (ile ya kuingia mashine nyingine kwa kuandika komandi) kwenda kule ilikuwa inaniambia "Connection refused" hapohapo. Leo nimezima fayawoli nikawasha tena, nimebadilisha waya, nimeipa IP nyingine, sasa inakaa tuuu kimya mwisho inasema "Connection timed out". Nahisi nimeizidishia ugonjwa. Nianzie wapi?

JIBU: Umeizidishia kweli, ila haijaharibika kitu. Ujue ile "Connection refused" ya jana ilikuwa habari njema. Hodi yako ilifika, mashine ya pili iko hewani, IP ni yenyewe, waya mzima, na ikakujibu papo hapo kwamba kwenye poti hiyo, yaani mlango wenye namba uliopigia hodi, hakuna programu inayosikiliza. "Timed out" ni jambo jingine kabisa, umepiga hodi, kimya, hujui kama ndani hamna mtu au we ndo umekosea nyumba. Kwaiyo jana ulikuwa na tatizo moja dogo upande wa kule, leo umeongeza la pili njiani.

Rudisha kwanza kila ulichogusa leo, IP, waya, fayawoli, moja moja, hadi uione tena ile "refused". Ukishaiona achana na netiweki, nenda kakae mbele ya ile mashine kuukuu yenyewe, piga netstat -an na utafute mstari wenye :23, poti ya Telnet, na neno LISTEN. Kwa ulivyoeleza huo mstari hautakuwepo. Telnet kwenye Linux na Unix za zamani haikai macho yenyewe, inaamshwa na inetd, programu inayosikiliza hodi kwa niaba ya nyingine, na mpangilio wake uko kwenye /etc/inetd.conf. Fungua faili hilo utafute mstari unaoanza na telnet, mara nyingi utakuta una alama ya # mbele, yaani umezimwa. Toa hiyo #, alafu mwambie inetd asome upya kwa kill -HUP na namba yake ya prosesi, hapa ndo wengi wanapokwama, wanahariri faili vizuri kabisa kisha wanashinda wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Kama yako inatumia xinetd faili ni /etc/xinetd.d/telnet na ndani kuna "disable = yes", iandike no, uwashe xinetd upya.

Na kama kwenye mstari wa inetd kuna neno tcpd, mlinzi anayechuja nani aingie, katikati, soma pia /etc/hosts.allow na /etc/hosts.deny. Ukizuiwa na hizo dalili inabadilika tena, unaunganishwa vizuri, sekunde moja tu, alafu unatupwa nje na "Connection closed by foreign host".

Ikitokea hata baada ya kurudisha kila kitu bado ni kimya, piga ping, ile hodi ya majaribio, kwenda kule na hapohapo piga arp -a, inayoonyesha ni kadi gani imeitikia kwa IP ipi. Watu wakiona ping haijibu wanasema mashine imekufa, wakati kuna fayawoli zinazokataa ping makusudi. ARP haidanganywi na fayawoli kirahisi hivo. Ukiona mbele ya IP ile kuna namba ya kadi ya netiweki, zile jozi sita za herufi na tarakimu, basi mashine iko pale na waya unapitisha, hangaika na fayawoli. Ukiona "incomplete", hakuna aliyeitikia, na hapo ndo unarudi kwenye waya, taa ya kijani kwenye kadi, na maski ya mtandao ambayo lazima ifanane pande zote mbili. Na ukiona namba ya kadi inabadilikabadilika kila ukicheki, kuna vifaa viwili vimegombania IP moja. Kwa vile umeipa IP mpya leo, hilo nalo lisikutoke akilini.

Kama umeziunganisha mashine mbili moja kwa moja bila swichi, kadi za zamani za megabiti 10 na 100 nyingi haziwezi kugeuza nyuzi zenyewe, zinataka ule waya wa krosi. Waya wa kawaida hapo taa haiwaki kabisa.

SWALI: Mi Telnet inanifikisha vizuri, inaniuliza login, naandika root (akaunti ya msimamizi mkuu) na paswedi sahihi kabisa, inaniambia "Login incorrect". Nikienda kwenye mashine yenyewe paswedi ileile inakubali!

JIBU: Hilo limewekwa makusudi. Linux za zamani zina faili /etc/securetty linaloorodhesha sehemu ambazo root anaruhusiwa kuingilia, na Telnet haimo. Solaris nayo ina mstari wa CONSOLE kwenye /etc/default/login unaofanya kazi hiyohiyo. Ingia kwa akaunti ya kawaida alafu upige su ili uwe root. Usiguse hilo faili, tafadhali, Telnet inapitisha paswedi waziwazi na yeyote aliye kwenye waya huo anaweza kuisoma.

SWALI: Mkuu, nimebadilisha laptop. Ile ya zamani ilikuwa inaingia kwa SSH (kama Telnet ila mazungumzo yamefichwa) kwenye seva yetu kuukuu bila shida, hii mpya inakataa na kuandika "Unable to negotiate with 192.168.1.20 port 22: no matching key exchange method found. Their offer: diffie-hellman-group1-sha1". Seva haijaguswa na mtu. Nikaambiwa niweke SSH ya zamani kwenye laptop mpya. Nifanye hivo?

JIBU: Hapana, usishushe laptop nzima kwa ajili ya mzee mmoja. Huyo aliyekushauri nia yake njema ila dawa ni kali kuliko ugonjwa.

Kilichotokea ni hivi. Kabla SSH haijakuomba hata jina, mashine mbili zinakubaliana kwanza mambo manne hivi: njia ya kubadilishana funguo, aina ya ufunguo wa seva, saifa ya kuficha mazungumzo, na namna ya kuhakiki kwamba hakuna kilichochezewa njiani. Kila upande unataja orodha yake, wanachukua kinacholingana. Seva yako inajua njia moja tu, group1-sha1, ambayo inatumia namba ya biti 1024. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kupitia shambulio la Logjam kwamba ukubwa huo hautoshi tena dhidi ya wenye uwezo mkubwa, na mwaka huohuo OpenSSH 7.0 ikaizima kwa kawaida yake, pamoja na funguo za aina ya zamani ya DSA. Kwaiyo seva haijaharibika, laptop haijaharibika, orodha zao ndo hazikutani popote.

Uzuri OpenSSH haikuiondoa njia hiyo, imeizima tu, na unaweza kuiwasha kwa hosti moja peke yake. Kwenye laptop fungua faili ~/.ssh/config uandike:

Host mzee
HostName 192.168.1.20
KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1
HostKeyAlgorithms +ssh-rsa

Kuanzia hapo unapiga ssh mzee na basi. Ile alama ya kujumlisha ni muhimu sana, inasema "ongeza hii juu ya zilizopo". Ukiisahau unafuta orodha yote nzuri unabaki na hiyo dhaifu tu. Na usiandike chini ya "Host *" kama nilivyoona watu wanavyopesti, maana hapo umelegeza usalama kwa kila seva utakayoingia maisha yako yote.

Sasa ujiandae, ukitatua la kwanza linaweza kuja la pili. Litasema "no matching host key type found", hilo ndo nimeshakuwekea ule mstari wa ssh-rsa, kwa sababu tangu OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 saini za RSA zilizofungwa na SHA-1 nazo zilizimwa. Alafu linaweza kuja la tatu, "no matching cipher found", unaongeza mstari wa Ciphers na unaweka + na mojawapo ya zile ulizotajiwa baada ya "Their offer", mfano aes128-cbc, na 3des-cbc iwe ya mwisho kabisa ukikosa nyingine. Usikate tamaa ujumbe ukibadilika, kila ujumbe mpya maana yake umevuka hatua moja. Kama unaingia kwa ufunguo wako wa RSA na sio paswedi, na unakataliwa mwishoni kabisa, ongeza na PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa. Kwenye OpenSSH za kabla ya 8.5 jina la mpangilio huo lilikuwa PubkeyAcceptedKeyTypes.

Kuna mahali pamoja tu ambapo + haitakusaidia. Seva ikitaja ssh-dss, ndo hiyo DSA, peke yake na laptop ina OpenSSH 10.0 au ya baadaye, DSA imeng'olewa kabisa humo tangu mwaka 2025, huwezi kuwasha kisichokuwepo. Hapo ama utengeneze ufunguo wa RSA kwenye seva, kwa ssh-keygen tu, ama utumie PuTTY, programu nyingine ya SSH, ambayo bado inaijua. PuTTY ina tabia ninayoipenda, haikatai kimyakimya, inakuuliza kwamba njia hii iko chini ya kiwango, uendelee au uache, na uamuzi unabaki wako.

Kitu kimoja cha kuchungulia kabla hujaanza yote hayo: piga telnet 192.168.1.20 22. Ndio, Telnet kwenye poti ya SSH. Seva itajitambulisha yenyewe kwa mstari mmoja. Ukianza na SSH-2.0 sawa. SSH-1.99 maana yake inajua toleo la 1 na la 2, sawa pia. Ukiona SSH-1.5 basi inajua toleo la 1 peke yake, na OpenSSH iliacha kabisa toleo hilo kuanzia 7.6 mwaka 2017, kwaiyo usipoteze jioni yako kuandika mistari ya config.

SWALI: Natumia Windows 10, nataka kuingia kwa Remote Desktop (ya kuendesha skrini ya mashine nyingine) kwenye XP iliyo chumba cha pili. Inafika hadi kwenye skrini ya kuingilia ya XP, naweka jina, paswedi naiacha wazi kwa sababu ile mashine haina paswedi, inaniambia "Unable to log you on because of an account restriction". Kuna restrikisheni gani wakati mi ndo admini?

JIBU: Hiyo hiyo ya kutokuwa na paswedi. XP inakubali akaunti isiyo na paswedi kwa mtu aliyekaa mbele yake tu, kwa mbali inakataa. Kuna sera ya usalama ya kuizima hiyo na usiizime. Iwekee akaunti paswedi, jaribu tena, utaingia.

Na kwa wengine wenye XP ambao hata hiyo skrini hawaioni: angalieni kwanza ni XP gani. Home haina uwezo wa kuingiwa na Remote Desktop, inaweza tu kwenda kwa wengine, hata uhangaike vipi na setingi. Lazima iwe Professional, na boksi la kuruhusu liwekwe tiki kwenye System Properties upande wa Remote. Akaunti isiyo ya admini iongezwe kwenye kundi la Remote Desktop Users. Alafu fayawoli, tangu Service Pack 2 ya mwaka 2004 XP inakuja nayo ikiwa imewashwa, poti ni 3389. Na msishangae mtu aliyekuwa anatumia hiyo XP akipiga kelele, ukiingia we kwa mbali skrini yake inajifunga, XP inahudumia mmoja kwa wakati.

SWALI: Kwangu ni kinyume. Niko kwenye XP nataka kuingia Windows mpya. "The remote computer requires Network Level Authentication, which your computer does not support". Ndo mwisho wa safari?

JIBU: Sio mwisho. NLA ni utaratibu wa kukuhakiki kabla hata hujafunguliwa skrini, ulikuja na Vista, na XP yenye Service Pack 3 inaujua ila imelala. Kuuamsha unaingia rejistri sehemu mbili: kwenye HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa, thamani ya Security Packages, unaongeza tspkg kwenye mstari wake mwishoni bila kufuta zilizopo, alafu kwenye Control\SecurityProviders, thamani ya SecurityProviders, unaongeza koma na credssp.dll. Unaizima unaiwasha. Weka nakala ya rejistri kabla, sio kwa kunifurahisha mi, hiyo Security Packages ukiivuruga XP inaweza isiwake.

Ila ngoja nikuulize na mi: kwanini XP ndo iende kwa mpya? Sapoti yake iliisha Aprili 2014. Ukiandika paswedi ya mashine mpya ndani ya XP, umemkabidhi mzee asiye na kinga funguo za kijana. Kama kinachotakiwa ni mafaili tu, fanya kinyume, mashine mpya ndo iingie kwenye XP kuyachukua. Kuna watakaokwambia uzime NLA kwenye ile mpya, ni tiki moja tu, rahisi kweli. Mi nisingeizima.

Jirani wa tatizo hili ni ujumbe unaotaja "CredSSP encryption oracle remediation". Huo huwatokea wanaotoka Windows mpya kwenda Windows 7 au seva ya 2008 ambayo haijapata apdeti tangu zamani. Microsoft ilitoa kiraka Machi 2018, na apdeti ya Mei mwaka huohuo ikafanya mashine zilizopachikwa zikatae kuongea na zisizopachikwa. Mitaani dawa inayotembea ni kuweka AllowEncryptionOracle iwe 2 kwenye mashine mpya. Inafanya kazi, ndio, kwa kumvua mzima koti ili alingane na mgonjwa. Ingia kwa njia hiyo mara moja ukibanwa, weka kiraka kwenye ile ya zamani, alafu rudisha.

SWALI: SSH yangu haikatai, tatizo inachelewa. Napiga Enta, nakaa kama nusu dakika ndo paswedi inaulizwa, nikishaingia inaenda fasta kabisa. Netiweki ni waya sio wayalesi.

JIBU: Ikishaingia inaenda fasta, basi netiweki haina kosa. Mashine unayoiingia inajaribu kujua jina lako kutokana na IP yako, inauliza seva ya DNS, ile inayojua majina na IP zake, na seva hiyo pengine ilishazimwa siku nyingi ila bado imeandikwa kwenye /etc/resolv.conf. Kila swali linasubiri sekunde 5, linarudiwa, alafu anaulizwa DNS wa pili naye kimya, hesabu inakimbilia nusu dakika bila shida. Toa hizo DNS zilizokufa, au kwenye /etc/hosts ya mashine ya zamani andika IP ya laptop yako na jina lolote, na uhakikishe kwenye /etc/nsswitch.conf mstari wa hosts unaanza na files ndo ifuate dns. Kwa SSH unaweza pia kuweka UseDNS no kwenye sshd_config, matoleo mapya yako hivo tayari. Dawa ya /etc/hosts inatibu na Telnet na FTP, ndo maana naipendelea.

Bado inachelewa? Piga ssh -v uone inaganda kwenye mstari gani. Ikiganda palipoandikwa gssapi, njia nyingine ya kukuhakiki, weka GSSAPIAuthentication no upande wako.

SWALI: Naingia vizuri, naandika komandi ndogo ndogo sawa, ila nikipiga ls kwenye folda kubwa au nikifungua faili refu skrini inaganda, mara inakuja nusu, mara session inakufa. Ping haipotezi hata moja. Nimeshabadilisha kadi mbili.

JIBU: Acha kununua kadi. Ping ya kawaida ni pakiti ndogo mno, inapita hata mahali pagonjwa. Wakati wa kuandika herufi moja moja nako ni pakiti ndogo. Zikija kubwa mfululizo ndo ugonjwa unaonekana, na kwenye vifaa vya zamani washukiwa ni wawili.

Wa kwanza ni dupleksi: full ni kuongea na kusikia kwa pamoja, half ni kwa zamu. Enzi zile watu walipenda kuiandikia kadi kwa mkono, 100 full, wakijua ndo spidi. Upande wa swichi ukiwa umeachwa ujichagulie wenyewe, hauoni mwenzake akijadiliana, unatambua spidi tu na kwa tahadhari unajiweka half. Sasa huyu anaongea na kusikia kwa pamoja, yule anaona kuongea kwa pamoja ni mgongano, anatupa. Kazi ikiwa ndogo huoni kitu. Kwenye Linux piga ethtool eth0, au mii-tool kwenye zile za zamani zaidi, Windows ni kwenye setingi za kadi, Speed & Duplex. Weka pande zote auto, au pande zote mbili zilazimishwe sawasawa, kamwe sio mmoja hivi mwingine vile. Na kama katikati kuna habu na sio swichi, full haipo kabisa, kila kilichochomekwa kwenye habu ni half. Dalili ya kuthibitisha ni hesabu ya makosa kwenye ifconfig au kwenye swichi, collisions za kuchelewa na frame zenye kasoro zinazopanda kila ukirudia ile ls.

Wa pili ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja, hasa kama kati ya mashine hizo kuna rauta, VPN au laini ya PPPoE ambayo inabeba baiti 1492 badala ya 1500. Kutoka Windows piga ping -f -l 1472 na IP ya kule, hiyo 1472 ukiongeza baiti 28 za vichwa ndo inatimia 1500. Ikikataa, shusha kidogo kidogo hadi ipite, ongeza 28, hiyo namba ndo MTU ya kuweka kwenye mashine ya zamani. Ikipita 1472 bila wasiwasi rudi kwenye dupleksi.

SWALI: Fundi, kuna anayetumia rlogin bado, ile ya kulogini kwa mbali kwenye Unix? Sisi ndo hao. Nimeweka .rhosts, faili la mashine zinazoaminiwa, ili isiulize paswedi na bado inauliza.

JIBU: Mpo wengi tu, mnajificha. rlogin ilizaliwa na Unix ya BSD 4.2 mwaka 1983, wakati ambapo kuaminiana kwa jina la mashine kulitosha. Faili .rhosts liwe la mwenye akaunti na lisiandikike na mwingine yeyote, chmod 600, la sivyo linapuuzwa bila kuambiwa. Jina la mashine humo liwe lilelile ambalo seva inalipata ikiitafuta IP yako, kwaiyo ukiandika jina fupi na DNS inarudisha refu, halilingani. Root hasomewi /etc/hosts.equiv, anasomewa .rhosts yake tu. Rauta inayobadilisha poti katikati inavunja kila kitu, kwa sababu rlogin inataka utokee poti ya chini ya 1024. Na kama uliliandika faili hilo kwenye Windows ukalihamisha, kila mstari una herufi isiyoonekana mwishoni, lisafishe. Ukikuta mtu kaandika + + humo ndani, futa leo, amefungulia dunia nzima.

SWALI: Kompyuta ya zamani ya domeni ilikuwa inaingika, ghafla inasema kuna tofauti ya saa kati yake na seva. Narekebisha saa, kesho yake asubuhi tatizo linarudi.

JIBU: Betri ya madabodi, CR2032, imeisha. Ukizima umeme saa inarudi miaka ya nyuma, na Kerberos ya domeni, mfumo wake wa kuhakiki watu, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Badilisha betri, kisha ingia BIOS uweke tarehe na uangalie kama mpangilio wa diski haujabadilika.

SWALI: VNC yangu (ya kutazama na kuendesha skrini ya mbali) inakubali hata nikikosea herufi za mwisho za paswedi!! Nimedukuliwa?

JIBU: Hujadukuliwa. Uhakiki wa VNC ya asili unasoma herufi 8 za mwanzo tu, zilizobaki hazina kazi. Basi hizo 8 zichague vizuri, na VNC isitoke nje ya netiweki yako peke yake. Soma jibu linalofuata.

SWALI: Mashine ya zamani sasa inaingika nikiwa ndani. Nataka niwe naingia hata nikisafiri. Nifungue poti ya Telnet au ya Remote Desktop kwenye rauta, ipi ni salama zaidi?

JIBU: Hakuna. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kilikusanya vifaa kwa kuzunguka intaneti kikijaribu Telnet na paswedi za kiwandani, na Mei 2019 tundu la BlueKeep kwenye Remote Desktop lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka hata cha XP, miaka 5 baada ya kuiacha. Kubadilisha namba ya poti kunakuchelewesha kugundulika kidogo, basi.

Weka mashine moja ya kisasa ndani, hata kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi kanatosha, ikiwa na SSH ya sasa, uingie kwa ufunguo sio paswedi, na apdeti zisisimame. Hiyo tu ndo ionekane kutoka nje, au bora zaidi ikae nyuma ya VPN. Kutoka safarini unafungua handaki hivi, ukiweka jina lako na anwani ya huyo wa katikati:

ssh -L 3390:192.168.1.20:3389 jina@anwani

alafu unafungua Remote Desktop kwenda 127.0.0.1:3390. Kwa Telnet mwishoni unaweka 23 badala ya 3389, kwa VNC 5900, na upande wako unachagua namba yoyote iliyo wazi. Kwa SSH kwenda kwa mzee mwenye group1, ongeza ProxyJump jina@anwani kwenye ile sehemu yake ya config niliyoandika juu, mistari mingine ibaki kama ilivyo.

Ikikwambia "channel 3: open failed: connect failed: Connection refused" wakati handaki lenyewe limefunguka, usiguse rauta. Wa katikati kamfikia mzee, poti ya mzee ndo haina msikilizaji, kwaiyo ni Remote Desktop yake imezimwa au namba uliyoandika siyo.